Watoto wa Watu Mbele ya Kamera

Vijana wangu wa Meru na Embu, mnaokuja kunitembelea mkiwa mmemaliza masomo ya uanahabari na filamu, karibu nyote mnaanza na swali moja: Mzee, ninunue kamera gani? Nawajibu nyote vilevile. Nunua ile unayoweza kulipia bila mama yako kuuza ng'ombe. Swali ninalongoja mniulize, na bado hamjaniuliza, ni hili: mtoto nitakayempiga picha leo atakuwa katika hali gani mwaka mmoja baada ya mimi kufunga vyombo na kuondoka? Anayetaka kuongoza vipindi vya watoto na filamu za hali halisi aanze na swali hilo. Asiyelijali anaweza kupata tuzo, anaweza hata kupata gari, lakini nyuma yake watabaki watoto walioumizwa, na hatajua kwa sababu hatarudi kuangalia.

Kazi hii nimeifanya tangu ujana wangu mpaka mgongo ukakataa kubeba vyombo. Siwakatazi kuingia. Nataka mwingie mkijua mnachobeba, na kwa hivyo nitawaeleza habari za mtu mmoja ambaye huenda hamjapata kumsikia, ingawa kazi yake iligusa udongo wetu wa Meru.

Aliitwa James Hill, mzaliwa wa Yorkshire, Uingereza, mwaka 1919. Katika miaka ya 1950 Waingereza walikuwa na chombo cha kutengeneza filamu za watoto pekee, Children's Film Foundation, na filamu hizo zilionyeshwa kwenye majumba ya sinema Jumamosi asubuhi, watoto wakiwa hawako shuleni. Hill aliongoza kadhaa. Mojawapo ni The Clue of the Missing Ape ya mwaka 1953, aliyoipiga Gibraltar. Zilikuwa kazi za bajeti ndogo, na mtazamaji wake hakuwa na adabu ya mtu mzima: akichoshwa anaanza kurusha vitu na kupiga kelele. Mwongozaji aliyelelewa na watazamaji wa namna hiyo hujifunza mapema kwamba mtoto hadanganyiki.

Kazi yake ninayoipenda kuliko zote ni filamu fupi iitwayo Giuseppina. Baba ana kituo cha mafuta kando ya barabara huko Italia. Binti yake mdogo amekaa hapo, hana la kufanya. Magari yanaingia, yanajazwa mafuta, yanaondoka, na kila gari linashusha watu wa namna yake. Mtoto anawatazama. Basi. Maneno ni machache sana, mtu asiyejua lugha yoyote ya Ulaya ataielewa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Filamu hiyo ilipata tuzo ya Oscar ya filamu fupi ya hali halisi mwaka 1961, na katika miaka ya 1960 BBC iliirudia mara nyingi mchana wakati wa kujaribu matangazo ya rangi, ili mafundi na wauzaji wa televisheni waweze kupima mitambo yao.

Sasa sikilizeni jambo lililonifanya niwatajie. Iliyolipia filamu ile ilikuwa kampuni ya mafuta, BP. Pampu zipo, kituo kipo, lakini hakuna anayesimama kuyasifu mafuta. Macho ya filamu ni ya yule mtoto tangu gari la kwanza mpaka la mwisho. Hill alichukua pesa ya tajiri, akampa tajiri kile walichokubaliana, na mtoto akabaki kuwa mtoto.

Nawaambia haya kwa sababu nyinyi mtaishi kwa pesa za wengine. Vipindi vya watoto nchini mwetu mara nyingi havijilipii kwa matangazo, na filamu za hali halisi ndiyo kabisa. Utaitwa na shirika la afya, shirika la maji, mradi wa wasichana, kampuni ya simu. Utapewa karatasi yenye ujumbe mkuu, idadi ya dakika, na mara nyingi hata mwisho wa hadithi umeshaandikwa kabla hujakanyaga kijijini. Mfadhili ana haki ya kuchagua mada. Hana haki ya kuchagua machozi. Akikuambia anataka filamu kuhusu wasichana waliokatizwa masomo, hiyo ni mada, na ni mada ya kweli huku kwetu. Akikuambia anataka msichana alie kwenye dakika ya pili, hapo umeombwa kumtesa mtoto kwa malipo, hata kama barua imeandikwa kwa lugha tamu. Mkatae. Mkatae kwa heshima, kwa barua, na mapema, maana kukataa mkiwa tayari mmelala Maua na mafuta ya gari yameisha ni kugumu zaidi.

Narudi kwa Hill. Nyote mnajua kaburi la Elsa lipo ndani ya Mbuga ya Meru, karibu na Mto Ura. Simba huyo jike alilelewa na Joy na George Adamson, akafunzwa kuishi porini, akafa mwezi wa Januari mwaka 1961. Kitabu cha Joy kuhusu simba huyo kilitoka mwaka 1960 na kikasomwa dunia nzima. Walipoamua kukifanya filamu, hawakuja Meru. Walipiga kambi Naro Moru, upande wa pili wa mlima. Mwongozaji wa kwanza, Tom McGowan, aliachishwa, na kazi akakabidhiwa James Hill. Born Free ikatoka mwaka 1966, mwaka uleule ambao mbuga yetu ilitangazwa kuwa mbuga ya taifa, na ikapata tuzo mbili za Oscar kwa muziki wake. Watoto wa London na New York walitoka kwenye sinema wakilia kwa furaha kwamba simba amerudi porini.

Sijui kama mmeshaona tatizo liko wapi. Elsa mmoja wa kwenye hadithi aliigizwa na simba wengi, na simba wale walikuwa wamezoezwa kuwa karibu na watu. Filamu ilipokwisha, kazi yao pia ikawa imekwisha. Wengine walipelekwa kwenye bustani za wanyama za Ulaya, nyuma ya nyaya, maisha yao yote. Filamu iliyohubiri uhuru iliacha nyuma yake wafungwa. George Adamson alihangaika mpaka akapewa watatu: Boy na Girl, waliokuwa wa kikosi cha jeshi la Waingereza, Scots Guards, na Ugas kutoka Nairobi. Akawaleta hapa Meru, akapiga kambi chini ya kilima cha Mughwango, akaanza kuwafundisha kuwinda.

Mwaka 1969 Boy alimng'ata mtoto mdogo wa msimamizi wa mbuga. Mtoto alipona, lakini George hakuweza tena kubaki Meru. Mwaka uliofuata alivuka Tana akaenda Kora. Mwaka 1971, huko Kora, Boy alimuua mfanyakazi wa kambi, na George, aliyempenda simba yule kupita kiasi, akachukua bunduki akampiga risasi. Mambo haya George aliyaandika mwenyewe. Simba aliyewachekesha watoto wa Ulaya kwenye kioo kikubwa ndiye aliyemaliza maisha ya mtu aliyekuwa akifanya kazi ya mshahara, katika nyika za kwetu. Watazamaji waliokuwa wamefuta machozi yao mwaka 1966 hawakuitwa kwenye maziko yake.

Simtupii Hill lawama ya kifo hicho, wala sisemi mwongozaji anaweza kuona yote yajayo. Nasema filamu haiishi pale jina la mwisho linapopita kwenye kioo. Na kuna jambo ambalo Hill alifanya, linalonifanya nimheshimu: alirudi. Yeye na Bill Travers, aliyemwigiza George, walichukua tena kamera wakaenda kuwatafuta wale simba mmoja mmoja, waliofungiwa na walioachiwa, wakatengeneza filamu ya hali halisi, The Lions Are Free. Wangeweza kukaa kimya na kula umaarufu wao. Waliamua kuwaonyesha watazamaji walewale sehemu ya hadithi ambayo filamu kubwa haikuwaonyesha. Baadaye Hill aliongoza An Elephant Called Slowly hapa Kenya, akiwa na ndovu mtoto aliyeitwa Pole Pole, aliyekuwa ametolewa zawadi kwa bustani ya wanyama ya London. Pole Pole alifia huko mwaka 1983. Travers na mkewe Virginia McKenna wakaanzisha kampeni mwaka 1984, kampeni iliyokua ikawa shirika la Born Free, ambalo hadi leo linafanya kazi ya kuwalinda simba ndani ya Mbuga ya Meru. Deni la filamu moja limeendelea kulipwa kwa zaidi ya miaka hamsini.

Kama ndivyo ilivyo kwa simba, fikirini mtoto wa mtu.

Nitawaeleza nililoliona kwa macho yangu. Timu moja ya wageni ilikuja Igembe kutengeneza makala kuhusu watoto wanaochuma miraa, nami nikaajiriwa kuwa mkalimani na mwenyeji wao. Walimpata mvulana wa miaka kama kumi na mmoja, mwepesi, mcheshi, anayepanda mti bila kuangalia chini. Ilikuwa jioni, baada ya shule. Alikuwa amevaa sweta ya shule, mpya, ya kijani, mama yake amemnunulia muhula ule. Aliyekuwa akiongoza aliitazama sweta ile kwenye kioo cha kamera, akatikisa kichwa, akaniambia nimwombe mtoto aivue. Mtoto akaivua, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya jiwe ili isipate utomvu. Wakampandisha mti mara ya pili, ya tatu, ya nne, jua likishuka, akiwa na fulana iliyotoboka begani. Makala ilipotoka, sauti ya msimulizi ilisema mvulana huyu ameacha shule.

Nilikuwa nimesema palepale kwamba kumwonyesha hivyo si kweli, wakati sweta ikiwa bado juu ya jiwe. Niliambiwa watoto kama yeye wapo wengi, kwa hiyo ukweli ni uleule. Niliacha kazi jioni hiyo. Baadaye kipande cha makala kikaanza kuzunguka kwenye simu. Mwalimu mkuu akaiona shule yake ikitajwa kwa aibu. Baba akaitwa kwa chifu aeleze kwa nini mtoto wake hasomi, mtoto ambaye asubuhi hiyo alikuwa darasani. Wenzake wakampa jina la mtoro. Alikuwa hajatoroka hata siku moja, na ilichukua muda mrefu kabla jina lile halijamtoka. Wageni wale walikuwa wameshafika kwao, na kwa kadiri ninavyojua walilala usingizi mzuri.

Tazameni vizuri kosa hilo lilipozaliwa. Halikuzaliwa kwenye meza ya kuhariri wala kwenye sauti ya msimulizi. Lilizaliwa kwenye sweta. Mtu anapoanza kumvua mtoto kile alicho nacho ili afanane na kile alichokuja kukitafuta, uongo umeshaanza, na mengine yote yanafuata kwa urahisi. Watoto wanaochuma miraa badala ya kusoma wapo, Igembe na Tigania, kama walivyopo wanaochuma muguka kule Mbeere, na habari yao inafaa isemwe kwa sauti kubwa. Lakini atafutwe yule ambaye kweli ameacha shule, aulizwe kwa nini, na asikilizwe mpaka mwisho. Hilo linahitaji wiki nzima, si jioni moja. Kama huna wiki, huna filamu.

Mtaniambia, Mzee, siku hizi kuna fomu za idhini. Ndiyo, na ni vizuri ziwepo. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inampa mtoto haki ya faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla habari za mtoto hazijatumiwa. Zisomeni zote mbili, si muhtasari wake. Lakini nimeona idhini zikichukuliwa kwenye baraza la chifu, watu wakipanga foleni kutia sahihi au kidole gumba, wakidhani ni orodha ya msaada. Idhini ya namna hiyo haimlindi mtoto, inamlinda mwenye kamera. Kaa na mzazi nyumbani kwake, jikoni ikiwezekana, mweleze kwa Kimeru au Kiembu au Kimbeere kwamba picha hii itaonekana na shangazi yake aliyeko Nairobi, na adui yake, na mwajiri wa mtoto huyu miaka kumi na mitano ijayo, na kwamba ikishaingia kwenye intaneti haitoki. Muulize tena kesho yake. Halafu muulize mtoto mwenyewe, peke yake. Mtoto wa kwetu amefundishwa asimkatalie mtu mzima, kwa hivyo hatakuambia hapana kwa mdomo. Ataangalia miguu yake. Atachelewa kuja. Atasema anaumwa tumbo. Hiyo ni hapana, na inatosha.

Wala msidhani kufifisha uso kunamaliza kazi. Nimeona makala ambayo uso umefichwa lakini sauti ni yake, sare ni ya shule yake, na nyuma yake kinaonekana kilima ambacho kila mtu wa Siakago anakijua. Kijiji kizima kilimtambua kabla ya matangazo ya kwanza ya biashara.

Kuhusu namna ya kumwongoza mtoto, nitasema machache, maana mengi mtayajifunza kwa kuchoka. Shusha kamera ifike kwenye macho yake. Ukimpiga kutoka juu utapata paji la uso na unyonge. Piga asubuhi, akiwa amekula. Usimkaririshe maneno ya watu wazima, mpe jambo la kufanya na umwachie aseme anachosema mtu anapofanya jambo hilo. Sauti ni muhimu kuliko picha, na adui yenu mkubwa huku ni mabati. Mvua ya Novemba ikianza kupiga paa la darasa, hakuna maikrofoni itakayokuokoa, hata ile ya kwenye ukosi. Panga ratiba yako ukijua misimu ya mvua za mlima, na ukimaliza kupiga, kaa kimya darasani dakika moja urekodi ukimya wenyewe, utauhitaji wakati wa kuhariri.

Na usimlize mtoto kwa hila. Kuna mwongozaji niliyemshuhudia akimwambia mtoto wa miaka sita kwamba mama yake amepata ajali, ili apate machozi ya kweli. Akayapata. Mtoto alitetemeka mpaka usiku, na hata alipomkumbatia mama yake hakuacha kumshika nguo. Wapo wanaosimulia mbinu hiyo kwa majigambo wakiwa mezani. Ukimsikia mtu akiisimulia hivyo, usifanye naye kazi.

Machozi ya haki yanaweza kupatikana bila hila. Itazameni Supa Modo, iliyoongozwa na Likarion Wainaina na kuonyeshwa kwenye tamasha la Berlin mwaka 2018. Inahusu msichana mgonjwa, asiye na siku nyingi za kuishi, anayetamani kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu, na kijiji kizima kinachoamua kumpa nafasi hiyo. Mugambi Nthiga ni mmoja wa walioiandika. Hadithi ya mtoto anayekufa ingeweza kuwa biashara ya huruma mwanzo mwisho. Wao walimfanya msichana yule kuwa mwenye utani, mwenye hasira, mwenye kutaka vitu, na majirani wakawa watu wenye kazi zao na akili zao. Mimi nililia, na sikuona aibu, kwa sababu hakuna aliyenisukuma.

Sasa riziki. Msidanganywe na wanaojipiga picha kwenye mazulia mekundu. Hill alipata Oscar akiwa na umri wa miaka arobaini na kitu, akaongoza filamu iliyozunguka dunia, na alipofika sitini alikuwa bado anaongoza kipindi cha watoto cha televisheni, Worzel Gummidge, kuhusu sanamu ya kutishia ndege shambani inayopata uhai. Kilianza mwaka 1979 na watoto walikipenda. Kisha kituo kilichokitengeneza, Southern Television, kikanyimwa leseni na kufunga matangazo mwisho wa mwaka 1981. Kipindi kikakatizwa nacho, pasipo kosa la mwongozaji wala la watoto. Hivyo ndivyo ilivyo. Mkurugenzi wa stesheni akibadilika, kipindi cha watoto ndicho cha kwanza kukatwa, maana watoto hawaandiki barua kwa mawaziri.

Na yule anayesema ataanzisha chaneli ya watoto YouTube na kuishi kwa matangazo, ajue kwamba tangu Januari 2020 video zilizotengenezewa watoto haziwekewi matangazo yanayolenga tabia za mtazamaji, na sehemu ya maoni imefungwa. Sheria hiyo ni nzuri kwa mtoto, lakini imepunguza mapato. Fanya hesabu ukijua hilo. Ndiyo maana naona vijana wengine wameanza kupiga picha watoto wao wenyewe wakioga, wakichapwa, wakichekwa, na kuzitupa kwenye TikTok wapate watazamaji. Sitaki kumwona yeyote kati yenu huko.

Ipo njia nyingine, ndefu lakini ya kweli. Angalieni Ubongo ya Dar es Salaam. Ilianzishwa mwaka 2013, na mwaka uliofuata Ubongo Kids ikaanza kufundisha hesabu na sayansi kwa katuni na nyimbo za Kiswahili. Baadaye ikaja Akili and Me kwa wadogo wasioanza shule. Sehemu kubwa ya nguvu yao, naona, ni kwamba huwaonyesha watoto kazi kabla haijakamilika, na kuangalia ni wapi mtoto anacheka na wapi anageuka kuchezea kidole chake cha mguu. Kisha wanarekebisha. Pesa yao pia hutoka kwa wafadhili kwa kiasi kikubwa, lakini mwenye kauli ya mwisho juu ya hadithi ni mtoto aliyekaa sakafuni.

Fanyeni hivyo hapa. Mtoto wa Tharaka au wa Runyenjes anaweza kukaa siku nzima mbele ya runinga asisikie mtoto mwenzake akizungumza lugha ya nyumbani kwao isipokuwa kwenye habari za maafa. Muuga FM na Wimwaro FM ziko hewani, Weru TV ipo, na vipindi vya watoto katika lugha zetu ni haba. Anzeni na redio kama hamna pesa ya picha. Mtoto akisikiliza hadithi ya fisi kwa Kimeru huku mvua ikinyesha nje, mmefanya kazi kubwa, na hakuna aliyelazimika kuvua sweta. Kwa upande wa vibali, nendeni kwa Bodi ya Filamu mapema kabla ya siku ya kupiga, na kwa KWS, shirika la wanyamapori, kama mnaingia mbugani. Msiviache hivyo viwe sababu ya kugombana na askari langoni.

Mwisho ni malipo na maonyesho, na hapa nawaomba msinipuuze. Mtoto anayefanya kazi kwenye kipindi chako amefanya kazi. Mlipe kama mfanyakazi, andika mkataba na mzazi, na sehemu ya pesa iwekwe mahali ambapo mjomba mwenye kiu hataifikia. Karo ikilipwa moja kwa moja shuleni ni bora kuliko M-Pesa inayopotea jioni ileile. Asiye mwigizaji, yule unayempiga kwenye filamu ya hali halisi, hupaswi kumlipa ili aseme utakacho, lakini unapaswa kumfidia siku aliyokosa shambani au sokoni.

Na kabla filamu haijatumwa kwa yeyote, irudishe kijijini. Beba projekta, shuka, jenereta ndogo. Mwonyeshe mtoto na wazazi wake kwanza, wao peke yao, mlango ukiwa umefungwa, halafu ngoja. Mama anaweza kukuambia kipande kile cha mzee akiwa amelewa kitaharibu ndoa ya binti yake. Mtoto anaweza kukuambia hapendi alivyolia. Kitoe, hata kama ndicho kipande kizuri kuliko vyote ulivyopiga mwaka huo, hata kama muziki ulikuwa umeshakaa sawa. Mfadhili atalalamika kwamba mnachelewesha. Kwa hiyo iandikeni wiki ya kuirudisha filamu kijijini kwenye mkataba tangu siku ya kwanza, kwa maneno yaliyo wazi, kabla hajatuma hata shilingi, na akikataa kutia sahihi, mrudishieni karatasi yake.